Hodi Kwenye Stesheni ya Nikko

Mama,

Nnakubusu mkono kutoka Nikko, Japani, wanapokuja watu kutazama maporomoko ya maji. Stesheni yao ni ya mbao, theluji imejaa paani. Mlango wa chumba cha abiria ulikuwa umefungwa, nikapiga hodi mara tatu. Kimya. Nikageuka niende zangu, kama ulivyonifunza, nikasimama nje kwenye baridi. Kumbe chumba ni cha kila mtu. Mkuu wa stesheni alinisikia, akaja mbio, akaniinamia na kunifungulia. Bibi mmoja akanipisha karibu na jiko la makaa.

Wale majirani zako wa huko Matrah wanaosema tulitoka Unguja mikono mitupu, waambie adabu tulitoka nayo, na imenifungulia mlango hata Japani.

Mungu akuweke.

Mwanao, Seif