Kikohozi cha Nyapara

Busia, 9 Februari 1954

Shemeji Maloba,

Habari za Tororo, na kazi ya stesheni inakwendaje? Natumaini watoto wamepona surua. Sisi huku tungekuwa wazima, lakini leo mchana mama yako ameumia hapa kinuni. Mkono wake wa kulia umeingia kwenye mashine ya kuchambua pamba. Tajiri mwenye kinu ametoa lori, na dada yako Aidah amepanda naye kumleta hospitali ya huko kwenu. Barua hii ikikufikia utakuwa umeshawaona.

Mimi nimebaki. Hata kama ningeruhusiwa, mtu hapandi lori moja na mama mkwe wake, hilo unalijua. Nisamehe kwa ufupi.

Shemeji yako,
Okochi

Tororo, 17 Februari 1954

Shemeji Okochi,

Salamu zimefika. Watoto wamepona na wameanza tena kuvunja vikombe. Wewe u hali gani? Dada yangu anasema akiwa hayupo unashindia chai tu, kwa hiyo kula.

Mama anaendelea. Daktari amekata vidole viwili, na cha tatu hakitakunjika tena. Homa imeshuka.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Nimemuuliza mama ilikuwaje, akasema, "Mashine iliwaka," kisha akageukia ukutani. Nimemuuliza Aidah, naye akasema nikuulize wewe, akaanza kulia. Na Oundo, dereva wa lori lenu, anasema nyapara alikuwa amesimama pale pale mashine ilipowaka. Nyapara wa kinu hicho ni wewe, au wameweka mwingine bila kunijulisha? Nijibu kwa ukweli. Aidah hatarudi huko kabla sijajua.

Shemeji yako,
Maloba

Busia, 22 Februari 1954

Shemeji Maloba,

Nimeipokea barua yako na nimefurahi kusikia homa imeshuka. Mimi sina ugonjwa, ila chakula hakipiti.

Ni kweli, nilikuwa nimesimama pale.

Kila mchana injini huzimwa, akina mama wakaingiza mikono chini ya rola kutoa mbegu zilizokwama. Kabla ya kuwasha, mimi hupita nikimwambia kila mmoja atoe mkono. Mama yako sijawahi kumwambia. Ningemwambiaje, na kwa desturi yetu mkwe hasemi na mama mkwe wake? Maneno yangu yote yalipitia kwa Benedeta wa mashine ya jirani. Namwambia Benedeta, Benedeta anamwambia mama, mimi nimetazama kwingine. Tulikwenda hivyo msimu mzima, nami sikumwambia Odoi, fundi wa injini, wala tajiri kwamba yule ni mkwe wangu. Niliona hayo ni ya nyumbani, hayawahusu.

Siku ile Benedeta alikuwa ameenda matangani Sikuda, na fundi hakuambiwa. Akaniita, akasema anawasha mapema kwa sababu lori la mzigo linasubiri. Nikapita kwa watu. Nilipofika kwa mama nikatafuta wa kumpa neno langu, sikumwona. Basi nikakohoa.

Kikohozi cha mkwe unakijua. Nikikohoa njiani, mama anajua ni mimi, anageuza uso mpaka nipite. Na ndivyo alivyofanya. Aligeuza uso, mkono ukabaki ndani. Nikakohoa tena kwa nguvu, naye akazidi kunigeuzia mgongo na kuvuta leso yake, maskini, kwa heshima yangu. Ulimi ulikuwa mdomoni mwangu, Maloba. Neno lenyewe ni "toa mkono," hata mtoto angelisema. Niliona haya kulisema mbele ya watu, na mkanda wa mashine ukaanza kuzunguka.

Haya ile niliyoikimbia sasa ndiyo ninayolala nayo. Watu wakinisalimu natazama chini. Msomee Aidah barua hii, na mama pia, akitaka kusikia. Sina cha kujitetea.

Shemeji yako,
Okochi

Busia, 15 Machi 1954

Shemeji Maloba,

Poleni na mvua, nasikia huko imeanza kwa fujo. Mkono wa mama unaendeleaje? Sijapata jibu, wala sikulaumu. Naandika tu kwa sababu nyumba imekuwa kubwa mno bila Aidah, na sina mwingine wa kumwambia.

Nilikwenda kwa fundi Odoi nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, nikamwomba aninyang'anye filimbi ya unyapara. Alikasirika sana, si kidogo. Alisema aliwasha akiamini nimekwisha waambia watu wote.

"Hapa kwa kinu hakuna mkwe," akasema. "Hapa iko watu na iko mashine. Kama wewe nashindwa kuongea na mtu moja, mimi natakiwa kujua jana, si leo."

Filimbi hakuichukua. Alisema akiichukua nitakwenda kujificha, na yeye anataka nionekane. Kweli, hiyo ndiyo adhabu hasa.

Sasa kila asubuhi, kabla injini haijawashwa, sote tunasimama uwanjani penye magunia. Fundi anasema kazi ya siku, saa ya kuzima na saa ya kuwasha, na nani hayupo. Kisha mimi narudia kwa Kisamia, mwingine kwa Kiteso. Mwenye neno analisema palepale. Na mchana injini haiwaki mpaka kila mtu wa kila mashine apaze sauti kwamba yuko tayari.

Mwanzoni watu walicheka, wakatuita kanisa la pamba. Lakini siku ya kwanza tu Benedeta akasema kuna ubao uliooza kwenye ngazi ya darini. Kumbe kila mtu alikuwa anaujua tangu mwaka jana, kila mmoja akidhani mwenzake ameshamwambia fundi. Akol, yule wa kupaka mashine mafuta, akakiri kwamba fundi akitoa amri kwa haraka yeye huitikia tu bila kuelewa. Sasa anauliza. Mzigo unatoka mapema kuliko zamani, na matusi yamepungua. Tajiri amefurahi, ananipiga bega na kuniita mtu wa akili.

Kila akinipiga bega natamani ardhi inimeze. Jambo jepesi hivi, na limenunuliwa kwa vidole vya mama yako.

Shemeji yako,
Okochi

Tororo, 2 Aprili 1954

Shemeji Okochi,

Habari za siku nyingi. Sisi wazima, na kidonda cha mama kimefunga. Aidah amekonda kidogo lakini anacheka siku hizi.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimeandika barua mbaya, nikaichana, nikaandika nyingine mbaya zaidi. Kisha nikakumbuka ni nani aliyekubembeleza umtafutie mama kazi hapo mihogo ilipoharibika. Ni mimi. Nilijua unyapara wako na nilijua ukwe wako, na sikujiuliza hata siku moja mtaongeaje. Nilifurahi tu kwamba mzigo umetoka kwangu. Kwa hiyo na mimi nina aibu yangu, usifikiri unayo peke yako.

Mama alitaka barua zako asomewe zote. Nilipofika pale pa kukohoa akanisimamisha. Akasema:

"Nilikisikia. Nilijua ana neno. Nilifikiri, neno lake litasubiri."

Sasa anataka kurudi kinuni. Nimekataa, nimegomba, nimemwita mjukuu wake mkubwa aje alie mbele yake. Hasikii. Anasema mkono wa kushoto unatosha kuchagua pamba chafu na safi, na hataki kufa akiwa mtu wa kukaa kitandani kwa mkwe, yaani mke wangu. Aidah anakuja naye. Usiende kuwapokea basi likifika, utamwongezea taabu. Mpe nafasi yake.

Shemeji yako,
Maloba

Busia, 14 Aprili 1954

Shemeji Maloba,

Wamefika salama, na sukari uliyotuma tumeipata, ahsante. Aidah yuko jikoni sasa hivi, ameniambia nikusalimu na kwamba sufuria zote nimeziunguza. Niko mzima. Chakula kinapita.

Basini sikwenda, kama ulivyosema. Nilimwona mama asubuhi yake uwanjani. Alisimama nyuma kabisa, ubavu kwangu, leso imefunika uso na ule mkono. Nilitoa maneno ya siku nikitazama magunia. Fundi Odoi akauliza, kama kawaida, nani ana swali.

Mtu akauliza, "Mkanda utawashwa saa ngapi baada ya kusafisha?"

Nilifikiri ni Aidah amenifuata kazini, nikageuka kumtafuta. Benedeta alikuwa ameziba mdomo. Ni mama aliyeuliza, Maloba, na uso wake bado ulikuwa umetazama pembeni.

Benedeta akaanza kunirudia swali, kama zamani. Fundi akamzuia kwa mkono. Wasamia walikuwa wamejaa pale, na watu wa nyumbani kabisa, watakaoipeleka habari mpaka mtoni. Nikasema, "Hautawashwa, mama, mpaka wewe mwenyewe useme uko tayari."

Akasema, "Haya," akaenda kukaa kwenye pamba yake.

Wazee wameshaleta neno kwamba nimevunja desturi na wanataka mbuzi. Nitampeleka, wana haki yao. Lakini nimekaa na jambo hili, nakuandikia wewe kwa sababu Aidah nikimwambia atalia. Kila nilipokaribia, miaka yote hiyo, mama yako alikuwa akinyamaza. Nimemwoa binti yake, nimemfanya akatwe vidole, na sikuwa najua kwamba wana sauti moja.

Shemeji yako,
Okochi