Mkeka Mmoja kwa Mjomba

Mama,

Majimbi yameiva, yako jikoni. Gauni jeupe la Fetu la Jumapili ya Watoto liko kwenye kamba, lianue kabla ya mvua. Pindo ~~nitalishona leo~~ alishone mwenyewe, mdogo wangu sasa anajua.

Asubuhi dukani Mama Mkubwa wa upande wa Baba alinikamata mlangoni. "Haya, msomi wetu! Wenzenu tumeleta mikeka ya heshima kumi kumi msibani, mama yako kamzika kaka yake kwa mmoja. Eti jarida la kanisa limesema tubane matumizi!" Watu wakacheka.

Ushauri ule niliuandika mimi, nikidhani nawaokoa watu na madeni ya misiba. Sikujua ungeufuata peke yako, ili tu binti yako asionekane mwongo.

Nimeuchukua mkeka mwororo wa heshima niliotunzwa nilipohitimu. Naupeleka kwa mjane wa Mjomba, nitaukunjua uwanjani pake kila mtu auone. Najua nimechelewa.

Msinisubiri kula. Jana kaburini ulijikaza nisije nikajilaumu, nilikuona. Leo sipo nyumbani, Mama. Mlilie kaka yako.

Binti yako mkubwa,
Sinalei