Kiti cha Nyuma

Baba Precious mpenzi,

Sisi wazima. Asubuhi ziwa linatulia mpaka mawe yanaonekana kama yanaelea. Precious anasema yamekuja kunywa maji.

Landrova lako sasa linatumia gesi ya mtungi, kama ile tunayopikia. Petroli ilinishinda, nikalipeleka Igoma kwa rafiki yako, fundi Maige. Linawaka kwa petroli, kisha nabonyeza swichi linahamia kwenye gesi, na mlio unashuka kama mtu anayepitiwa na usingizi. Ile harufu ya petroli, harufu yako, imeisha garini.

Maige aliniuliza, "Shemeji, mtungi hauna pa kukaa. Nitoe kiti cha nyuma, au tumsubiri mwenye gari?"

Ni kiti kile tulicholalia ufukweni, siku mvua ilipotuzuia kurudi. Nikamwambia atoe. Unasema unakuja tangu Precious hana hata jino. Sasa meno ya utotoni yanang'oka.

Nimekiweka barazani, kinatazama ziwa. Kinatosha watu wawili. Jioni nakaa upande wangu, nakuachia wako. Mvua za vuli zikianza hujaja, nitakaa katikati.

Wako bado,
Dorcas