Mkwe Aliyelimeza Neno la Muuguzi

Mama mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie maana sina amani tangu turudi kutoka Dar, baba mkwe wangu, mzee Mayala wa Magu, ana kansa ya tezi dume, na mume wangu Nkwabi alinyimwa ruhusa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka kwa treni kupigwa picha ya kuonyesha mahali pa kuelekeza mionzi. Mzee Kiswahili kinampiga chenga, muuguzi akaniambia nimtafsirie kwa Kisukuma: aende haja kubwa tumbo liwe tupu, kisha anywe maji, na mkojo aubane mpaka picha iishe. Mama, mimi ni mkwe! Ningeyatamkaje hayo mbele ya baba mkwe? Nikamwambia tu, "Baba, wamesema unywe maji." Akanywa, halafu kwa adabu zake akaenda kujisaidia ili akiitwa asiwacheleweshe watu, picha ikaharibika, tukapangiwa tarehe nyingine, na mzee aliponiuliza wamesemaje nikajibu, "Wamesema twende nyumbani." Sasa anaamini madaktari wamemkatia tamaa, hataki kusikia habari za Dar, na Jumapili ameanza kuwagawia wanawe ng'ombe. Tarehe yenyewe imebaki wiki mbili. Najuta, mama, nifanyeje?

Modesta, Butimba

Marahaba, Modesta. Barua yako nimeitanguliza, tarehe ya hospitali haisubiri. Aibu yako naielewa, mimi mwenyewe mbele ya mkwe wangu nikibanwa nasema naenda kuanua nguo. Lakini jamani! Maneno yale yalikuwa ya mzee, siyo yako. Foleni nzima ulikosa mwanaume hata mmoja wa Kisukuma wa kumnong'oneza? Hilo ningekusamehe. La pili ndilo baya: umemwacha mtu mzima ajililie kifo chake mwenyewe ili wewe usione haya.

Leo Nkwabi akitoka kazini mwambie yote, usipunguze hata moja. Akifoka, nyamaza. Jumamosi aende Magu amweleze baba yake kwamba hakukataliwa, kinachohitajika ni tumbo tupu na kibofu kilichojaa, basi, picha itoke sawa na mionzi iende inapotakiwa. Safari hii Dar aende naye mwanaume, ruhusa ya kiwanda ikatafutwe kwa cheti cha daktari. Na wewe nenda Magu pamoja na Nkwabi, upige magoti. Mkojo hutautaja. Sema, "Baba, nilikuficha, hawakukufukuza." Kisha mwombe awarudishe ng'ombe zizini, bado ni wake.