Siku Tuliyoteremshwa Ndegeni

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na wanangu wote. Natumai barua hii inawakuta wazima. Mimi sijambo, na Baba mwili wake una nguvu. Anakula vizuri na hasumbui.

Nimeiona nakala ya malalamiko uliyopeleka kwenye shirika la ndege. Yule mhudumu aliyetuteremsha amesimamishwa kazi hadi uchunguzi uishe. Juzi alinipigia simu. Hakunitukana. Aliuliza tu kama nakumbuka mambo yalivyokwenda, maana meneja wake hamwamini.

Nakumbuka. Siku ile ya kuja kwako, tulifika uwanjani saa mbili asubuhi. Ulivyonitisha kuhusu ukaguzi, nilijiandaa kwa vita. Wapi! Baba alivua mkanda na viatu kabla ya kuambiwa, akamtania askari kwamba suruali ikianguka, shauri yake. Ndani tulikaa safu ya kumi na nne, yeye dirishani. Alijifunga mkanda mwenyewe.

Sasa kuna jambo sijawahi kukwambia. Baba alipoanza kusahau, alikataa katakata kuogeshwa na binti yake. Aliona aibu. Siku nne hakugusa maji. Ya tano nikaazima koti jeupe kwa jirani muuza dawa, nikabisha hodi chumbani kwake, nikasema mimi ni nesi. Akanipokea kwa heshima zote. Huu mwaka wa tatu, mimi ni Nesi.

Basi mlango wa ndege ukiwa bado wazi, alinisimulia habari zako: tiketi uliyomtumia, jinsi usivyomsahau. Nikajikuta namuuliza, na binti yako je?

"Nesi, yule usinikumbushe," alisema. "Tangu tumzike mama yake, hajakanyaga kwangu hata kunijulia hali."

Alisema taratibu, bila hasira, kisha akageukia dirisha.

Nilinyanyuka nikamfuata mhudumu kule nyuma wanakopanga chakula. Nikamwambia mzee huyu hupiga watu, wiki iliyopita alimjeruhi jirani, na ndege ikiruka sitamweza. Yule dada akamchungulia, akasema mbona ametulia. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ninayo. Kisha nikaja kukwambia wewe kwamba walimdharau mzee wetu wakamfukuza. Baba hajampiga mtu hata kofi, nawe unajua. Sikutaka afike huko akushukuru wewe.

Haya haya nimemwandikia meneja, nikatia sahihi na namba yangu ya simu. Wewe futa malalamiko yako leo. Kisha panda ndege uje umchukue mwenyewe. Usiogope kwamba atanililia. Mwambie zamu ya nesi imekwisha. Atabeba koti lake na kuondoka nawe.

Wifi nampa pole mapema, na wanangu wambusu babu yao kwa niaba yangu, wasimwambie busu hilo ni la nani.

Mdogo wako,
Kitindamimba