Malango Matatu ya kwenda Muyinga

Mpwa wangu Jeneroza, amahoro, amani iwe nawe huko Buhinyuza.

Ujue leo Gitega nzima ilikuwa inamngoja mjomba wako tu. Kompyuta kubwa ya zahanati inakaribia kufa, na mafaili ya wagonjwa lazima yafike kwenye kompyuta ya akiba Muyinga kabla haijazimika. Nimeyawekea malango matatu njiani, yaani kompyuta ndogo za kupokezana, kila lango likabidhi mzigo kwa linalofuata. Ukungu ulilala juu ya mtaa wetu wa Magarama. Nikawa nakula maharage na ndizi, nikiyaona akilini mafaili yakipanda vilima vya Bugendana polepole, kama watu wanaotoka kanisani.

Mama Goreti, mpishi wetu, akachungulia kioo cha kompyuta. "Muzee, mbona Muyinga bado hawajapata kitu?"

"Yako njiani."

"Au yanasindikizana?"

Kweli. Unatujua sisi: unamsindikiza mgeni, naye anakurudisha kwako. Lango la pili lilikuwa linarudisha kila kitu kwa la kwanza, kwa kuwa liliandikiwa anwani ya la kwanza badala ya ya la tatu.

Jioni faili la mwisho limefika. Mungu akutunze wewe na mtoto. Ila anwani ile mbaya niliiandika mi mwenyewe, na aliyeisahihisha ni Mama Goreti, mimi nikimsomea herufi moja moja.

Mjomba wako