Kurithiwa Nikiwa Hai

Mdogo wangu Yustina,

Kamwene. Anayekuandikia kwa mkono wake ni kaka yako wa miaka sabini na nane, niliyezika wake wawili na yule daktari aliyenikataza ugoro. Ugoro bado nanusa. Goti lako vipi? Hapa kwa mwanangu Gaudensi, nyuma ya soko la Mwanjelwa, baridi inauma, ila naamka wa kwanza.

Sasa habari ya mjukuu wetu Eda. Yale maumivu ya mifupa ni selimundu, ugonjwa wa damu. Uliniagiza mama yake, Rehema, arudishwe kwao Tosamaganga, kwamba ndiye katuletea. Nami nilikubali. Damu yetu si naijua!

Hospitali wakatuita kwa mshauri, binti mdogo tu. Akaniamkia, akasema, "Babu, Eda amerithi."

Nikasimama. "Amerithi nini? Kafa nani? Mwenye majaruba ya mpunga ya Madibira ni mimi na niko hapa!"

"Baba, kaa," Gaudensi akasema. Sikukaa.

Binti hakucheka. Akaliacha lile neno. Akaonyesha doti ya kanga ya Rehema, upande kiunoni, upande aliombebea Eda. "Babu, kila mtu ana doti yake ya damu. Upande mmoja kapewa na baba, mwingine na mama. Ukitoboka mmoja, unajifunika ule mzima, wala hujui. Eda kapewa pande mbili, zote zimetoboka."

"Kwa hiyo Gaudensi naye katoa kilichotoboka?"

"Ndiyo, babu. Na hakuna anayechagua."

Rehema, aliyekuwa anatazama sakafu tangu tuingie, akalia.

Halafu, Yustina, sikiliza ajabu. Binti akasema, "Babu, nieleze wewe nilichosema, nijue kama nimeeleza vizuri." Wasomi wote maishani wameniuliza kama nimeelewa, nami najibu ndiyo. Huyu anajipima yeye! Nikamweleza chote, kwa sauti. Nikadai na mimi nipimwe. Nimetoboka upande mmoja! Na magunia ya mpunga nimebeba hivyo hivyo. Mwingine kama mimi unamjua?

Eda ana dawa za kila siku, anywe maji mengi, asipigwe baridi. Nenda Tosamaganga ukawaambie wakwe binti yao haendi popote.

Msalimie mumeo, na dada yetu mkubwa mwambie bado ninayo meno.

Ukibisha, muulize Rehema. Alinisikia nikisema upande mmoja ni wetu. Huyo ndiye shahidi wangu, na shahidi wangu simfukuzi.

Kaka yako,
Baba Gaudensi